Nilipokaa Kwenye Dawati la Mwanafunzi Wangu

Kwa miezi saba niliamini kwamba watoto waliokaa upande wa magharibi wa darasa langu walikuwa wazito wa kuelewa. Majina yao niliyaandika kwa wino mwekundu kwenye daftari la maendeleo. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba hawa wameletwa shule kabla ya wakati. Wengine niliwachapa. Baada ya miezi hiyo saba ndipo nikabaini kwamba walikuwa hawaoni ubaoni, na aliyewaziba macho ni mimi, kwa rangi niliyoinunua kwa fedha ya mfukoni mwangu.

Nayaandika haya kwa ajili ya mwalimu atakayepangiwa darasa la kwanza au la pili katika shule kama yetu, watoto wengi na chumba kimoja. Mengi niliyokosea yalikuwa yanaonekana tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa nimesimama mahali ambapo hayaonekani.

Niliripoti kazini Mei 2015, shule ya msingi ya kijijini mkoani Geita, nikiwa na cheti cha ualimu daraja la IIIA. Miezi ya mwanzo nilishika darasa la nne, watoto hamsini na kidogo, tukaenda vizuri. Kisha ukaingia mwaka 2016. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulikuwa umefuta ada na michango, na wazazi waliokuwa wamewaacha watoto nyumbani wachunge ng'ombe wakawaleta wote kwa mpigo. Mwaka uliotangulia darasa la kwanza lilikuwa na watoto 61. Mwaka huo tuliandikisha 127, nikakabidhiwa mimi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45.

Chumba nilikuja kukipima baadaye kwa futi kamba: mita 9 kwa mita 6.5. Ukikigawa kwa watoto 127, kila mmoja anapata chini ya nusu ya mita moja ya mraba, na hapo hujatoa sehemu ya mwalimu kusimama wala njia ya kupita. Kulikuwa na madawati 18. Juu bati tupu, dari hakuna. Kuta ndefu zenye madirisha zilitazama mashariki na magharibi, jambo ambalo wakati ule halikunipitia hata akilini.

Siku ya kwanza nilifundisha kwa kupaza sauti. Watoto zaidi ya nusu walikuwa wa Kisukuma kitupu, Kiswahili chao kiliishia kwenye "shikamoo mwalimu". Waliokaa sakafuni mbele walinishika sketi wakiniita. Wa nyuma walikuwa wanapigana. Ilipofika Ijumaa sauti ilikuwa imekauka, nikazungumza kwa mnong'ono nyumbani kama mtu mwenye mafua. Wiki iliyofuata nikaingia na fimbo.

Kuhusu fimbo nitasema ukweli wangu wote. Utaratibu nilikuwa naujua: kwa waraka wa mwaka 2002, anayeruhusiwa kutoa adhabu ya viboko ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Mimi sikuteuliwa na mtu na sikuandika popote. Niliona walimu wengine wanafanya nikafanya. Darasa lilinyamaza, nikadhani nimeliweza. Mvulana mmoja akaanza kuchelewa kila siku. Siku moja nilipotoka kwenda ofisini nikamkuta amejibanza nyuma ya choo na daftari lake kifuani, anasubiri kengele ya mapumziko ili aingie na wenzake bila kuonekana. Alikuwa na umri wa miaka saba. Nilimshika mkono nikamrudisha darasani, lakini sikuuliza chochote, na kutokuuliza huko ndiko kunakoniuma zaidi hadi leo.

Sasa ubao. Ulikuwa sehemu ya ukuta iliyopigwa plasta na kupakwa rangi nyeusi miaka mingi iliyopita, umekwanguka hadi chaki ilikuwa haishiki. Februari nikaenda mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sikuuliza rangi ya ubao. Niliomba rangi nyeusi, muuzaji akanipa kopo la rangi ya mafuta akaniambia hii inadumu. Shilingi elfu kumi na nane, na bodaboda kwenda na kurudi elfu sita. Jumamosi nikapaka mikono miwili. Jumatatu ubao ulikuwa unameremeta, walimu wenzangu wakaja kuutazama, mwalimu mkuu akanisifia kwenye kikao. Nilijisikia vizuri sana.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na tulielezwa faida za watoto kukaa kwa vikundi. Nikarudi nikayageuza madawati yote yatazamane. Kwa darasa la watoto 40 lenye meza ndogo ni jambo zuri. Kwa darasa langu, nusu ya watoto waliupa ubao kisogo, wakawa wanaandika huku wamejipinda shingo, na wale wenye kutazamana walikuwa na kila sababu ya kuongea. Mafunzo yalikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeshindwa kujiuliza kazi wanayoifanya watoto kwa wakati huo inataka wakae vipi. Nilikuja kupata njia inayotufaa: mistari ya kawaida kwa muda wa kusoma ubaoni, na ukifika muda wa kazi ya pamoja, dawati la kwanza linageukia la pili, la tatu linageukia la nne. Watoto wanageuza miili tu, dawati halisogei. Tuliufanyia mazoezi ule mgeuko kama tunavyofanya mazoezi ya mchakamchaka, mpaka ukawa unachukua muda wa kuhesabu hadi kumi.

Katikati ya mwaka 2016 ilikuja ile kampeni kubwa ya madawati nchi nzima, na sisi tukapata. Furaha ilikuwa kubwa, watoto waliondoka sakafuni. Ila madawati yalikuwa na kimo kimoja, kile cha darasa la saba. Wangu wakawa wanakaa miguu inaning'inia na meza inawafika kwapani. Mtoto anayeandika huku kiwiko kimeinuliwa sawa na bega anachoka baada ya mstari mmoja. Nikawa naona mwandiko unaharibika kadiri kipindi kinavyokwenda, nikawa nawaambia wavivu.

Nilipokuja kuliona tatizo nilikurupuka. Nilimwita fundi jioni, akakata miguu ya madawati manne ya mbao. Kesho yake nikaandikiwa barua ya kujieleza kwa kuharibu mali ya umma, na nilistahili. Kibaya zaidi, haikusaidia kitu. Dawati la kwetu kiti na meza vimeungana, kwa hiyo ukikata miguu unavishusha vyote pamoja: miguu ya mtoto inafika chini, lakini meza inabaki kwapani vilevile. Nilikuwa nimeadhibiwa kwa jambo lisilo na faida. Baadaye, safari hii kwa kibali cha mwalimu mkuu na kamati ya shule, tukatumia mabanzi tuliyopewa bure mahali wanapopasua mbao. Banzi moja lililorandwa likapigiliwa juu ya kiti kumwinua mtoto, jingine likapita chini kutoka mguu hadi mguu pa kukanyagia. Misumari kilo mbili, na fundi alichukua elfu ishirini kwa madawati kumi. Ukihamia darasa la wakubwa unayang'oa, dawati linabaki zima.

Kilichonifungua macho kuhusu ubao kilikuwa mvua.

Kulikuwa na binti mmoja, wa dawati la tatu upande wa magharibi. Kwenye daftari langu alikuwa wa wino mwekundu. Nikimwita asome ubaoni ananyamaza, anamwangalia jirani yake mdomoni, kisha anarudia alichosema jirani. Asubuhi moja ya mwisho wa Septemba mbingu ilifunga kabisa, wingu zito, darasani kukawa na giza kiasi cha kutaka kuahirisha kipindi. Nikamwita kwa mazoea tu. Akasimama akasoma: kaka, kuku, kiko, keki. Yote manne, bila kumtazama mtu. Nikamwambia asome mstari wa pili. Akasoma. Nilimpigia makofi, darasa zima likampigia, na moyoni nikasema leo amezinduka. Kesho yake jua likawaka, nikamwita tena, akarudi kwenye kunyamaza kwake na kumtazama jirani.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikawa najiuliza kati ya jana na leo kimebadilika nini. Asubuhi nikafika kabla ya mwalimu wa zamu, nikaandika maneno matano ubaoni kwa mwandiko wangu wa kila siku, nikaenda kukaa pale anapokaa yule binti. Sikukaa tu, niliinama mpaka macho yangu yakawa kimo cha macho yake. Ilikuwa kama saa mbili na robo, jua linaingia kwa nguvu madirisha ya mashariki. Ubao wangu mzuri ulikuwa na dirisha jeupe katikati yake. Niliona nondo za dirisha zimejichora pale kama picha kwenye kioo, hata mti wa nje ulionekana. Katika maneno matano niliona mawili na nusu. Nikasogea dawati la pembeni, dirisha jeupe nalo likasogea, likafunika maneno mengine. Nikasimama nikarudi mbele ya ubao ninaposimama siku zote: hakuna mng'ao wowote, kila kitu kinasomeka.

Nililia mle darasani, peke yangu. Nilikumbuka kila aliyekula fimbo kwa kushindwa kusoma nilichokuwa nimekifuta mwenyewe.

Kulikuwa na mwalimu mkongwe pale shuleni, alibakiza miaka miwili astaafu, sote tulimwita Bibi. Nilipomsimulia hakunicheka wala hakunipa pole nyingi. Akaniambia, "Mwanangu, umekaa dawati moja. Yamebaki mangapi?" Basi wiki ile nzima, kila asubuhi na kila mchana baada ya watoto kutoka, nikawa nakaa madawati yote, moja baada ya jingine, na Bibi akisimama mbele kusema maneno kwa sauti ya kawaida. Hiyo wiki ilinifundisha zaidi ya semina zote nilizowahi kuhudhuria.

Kona ya nyuma kulia sauti ilifika imevunjika, "tano" na "kano" sikuweza kuzitofautisha. Mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili angezitofautishaje? Nyuma kabisa herufi zangu zilikuwa ndogo mno, nikapima nikaona kwa wanaoanza kusoma natakiwa niziandike kimo cha vidole vinne vilivyolala. Waliokaa mbele kabisa chini walikuwa wanautazama ubao kwa kuinua shingo kama mtu anayetafuta ndege mtini. Karibu na mlango kila anayepita nje unamwona, na watoto niliokuwa nawaita watundu wote wawili nilikuwa nimewaweka hapo, ili iwe rahisi kuwatoa nje! Saa sita mchana, chini ya bati, joto lilinishinda mimi mtu mzima niliyekunywa chai. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kitu tumboni ataanzaje kujumlisha saa hiyo? Kusoma na hisabati nikavipeleka asubuhi kwenye ratiba, mchana tukabaki na michezo, kuimba na kuchora.

Ubao niliusugua kwa msasa siku mbili mpaka mabega yakafa ganzi, kisha nikapaka rangi maalumu ya ubao, ile isiyong'aa. Kopo la lita moja lilinigharimu elfu kumi na nne, yaani chini ya ile rangi ya kwanza. Kabla haijafika niliwahamisha watoto wa magharibi wakakaa katikati kwa kubanana. Ukitaka kujua ubao wako ukoje usisubiri kuhisi: kaa pembeni asubuhi saa mbili na alasiri saa tisa, inama kimo cha mtoto, soma.

Niliwaomba radhi wale watoto. Sikujua nianze vipi, mwalimu kuomba radhi wanafunzi wa darasa la kwanza si jambo lililozoeleka kwetu. Niliwaambia tu kwamba ubao ulikuwa mbovu, kosa lilikuwa la mwalimu, na fimbo sitakuja nayo tena. Yule binti alikuwa anachezea kamba ya begi lake, sijui alinielewa kiasi gani. Mvulana wa nyuma ya choo aliinua mkono akauliza kama na kesho sitakuja nayo.

Kuacha fimbo bila kuwa na kitu mahali pake ni kujidanganya, wiki mbili za kwanza darasa lilinipanda kichwani. Nilichokuja kugundua ni kwamba vurugu nyingi zilikuwa zinatokea wakati ambapo watoto hawana cha kufanya. Nikachukua simu nikapima. Kipindi cha kwetu madarasa ya chini ni dakika 30. Kugawa vitabu na kalamu kulichukua dakika 11, kwa sababu nilikuwa nagawa mwenyewe dawati hadi dawati. Dakika 11 za watoto mia na ushee kukaa bure! Nikatengeneza maboksi ya karatasi ngumu niliyoyaomba dukani, boksi moja kila mwanzo wa mstari, ndani yake vitabu na daftari za mstari ule. Kila mstari una mgawaji wake, anabadilishwa kila Jumatatu, na nilihakikisha wa wino mwekundu wanashika zamu ya kwanza. Ndani ya wiki tatu kugawa kukawa dakika 3.

Miaka kadhaa baadaye, nikijiendeleza kwa stashahada, nilikutana na kazi ya Mmarekani Jacob Kounin ya mwaka 1970. Aliwachunguza walimu wenye madarasa tulivu na wenye madarasa ya vurugu, akitegemea kuona tofauti katika namna wanavyokemea kosa likishatokea. Tofauti haikuwa hapo. Ilikuwa kwenye yale wanayoyafanya kabla: kuliona darasa lote kwa wakati mmoja, kutoka zoezi moja hadi jingine bila kukatika, kutowaacha watoto wakisubiri. Nilipokuwa nasoma nilikuwa naliona boksi langu la karatasi.

Njia ya kupita ilikuwa vita nyingine. Nilikuwa nafundisha mbele tu kwa sababu hakukuwa na pa kupita. Nikasogeza madawati yagusane mawili mawili, nikapata vichochoro viwili vya upana wa mtu mmoja. Kuanzia hapo nikawa nasahihisha nikitembea, kalamu mkononi, mtoto anaona kosa lake wakati bado analikumbuka. Daftari 127 za kubeba nyumbani zikapungua hadi thelathini au arobaini, na usingizi wangu ukarudi. Kila Jumatatu mstari wa mbele ulihamia nyuma, mingine yote ikasogea hatua moja, isipokuwa watoto saba niliogundua hawaoni mbali au hawasikii vizuri, hao walibaki mbele mwaka mzima. Usikubali kamwe desturi ya kuwaweka wanaojua mbele na wasiojua nyuma. Nilifanya hivyo mihula miwili, na watoto wanaelewa haraka mno maana ya kuwekwa nyuma.

Mvua ikipiga bati hakuna mwalimu anayesikika, wala usijaribu. Tulijiwekea ishara: nikiinua kitabu juu, kila mtu anafungua kitabu na kusoma na jirani yake kwa kidole, nikiinua kalamu, wanaandika. Siku za mvua, ambazo zamani nilizihesabu zimepotea, zikawa siku za kuandika.

Kuhusu kuta, nilikuwa nimelishika kwa nguvu somo la "darasa linaloongea". Nilitumia zaidi ya elfu thelathini kununua manila, nikachora herufi, wanyama, matunda, bendera, mwili wa binadamu, nikabandika kila mahali hadi juu kwenye kenchi. Manila za chini mbuzi walikula usiku, madirisha hayakuwa na kizuizi cha maana. Za juu hazikusomwa na mtu. Nilipokaa kwenye madawati nikaona kwamba mtoto hajui atazame wapi. Kuna utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2014, wa Anna Fisher na wenzake, wakiwa na watoto 24 wa chekechea: walipofundishwa kwenye chumba chenye mapambo mengi macho yao yalihama zaidi na walijifunza kidogo kuliko kwenye chumba kitupu. Sisemi kuta ziachwe tupu, mtoto ambaye nyumbani hana hata gazeti anahitaji kuona maandishi. Niliacha vitu vinne tu: silabi za wiki hiyo, namba, majina ya watoto kwa mistari yao, na ratiba ya siku. Niliviandika kwenye viroba vya salfeti vilivyofuliwa, havichaniki wala havilowi, na nikavitundika kimo cha macho ya mtoto aliyekaa. Silabi za wiki iliyopita zinatoka Ijumaa.

Ile rangi ya ubao iliyobaki nikapaka utepe chini ya ukuta wa nyuma, kuanzia sentimita 40 kutoka sakafuni hadi mita moja. Ukawa ubao wa watoto. Ubao mkubwa hawakuufikia, nilikuwa nawabeba au wanasimama juu ya kiti. Kwenye utepe ule waliandika kumi kwa mpigo, wakafuta, wakaandika tena. Kama una fedha ya jambo moja tu, fanya hilo.

Watoto 127 bado ni watoto 127. Madawati na rangi havipunguzi idadi, na nisimdanganye mtu. Kilichotupa pumzi ni mwembe. Mwaka 2017 kikao cha wazazi, kupitia serikali ya kijiji na kwa kibali, kilikubali kumlipa kijana aliyemaliza kidato cha nne awe mwalimu wa kujitolea, elfu sitini kwa mwezi. Miezi mingine zilipatikana arobaini. Nusu ya darasa inakaa naye chini ya mwembe ikihesabu kwa visoda na vijiti, nusu inasoma ndani na mimi, kisha tunabadilishana. Visoda tuliviokota kwenye vibanda vya soda pale senta. Kivuli cha mwembe kinahama, kwa hiyo mikeka nayo inahama. Tuliweka mawe ya kuonyesha mahali pa saa tatu na mahali pa saa nne, kwani kabla ya hapo kila siku tulipoteza muda watoto wakigombania kivuli.

Mwisho wa mwaka ule wa 2016, kati ya watoto 31 wa wino mwekundu, 19 walisoma sentensi fupi peke yao. Kumi na wawili hawakuweza, na kwa hao sina maelezo mengine zaidi ya kwamba niliwapotezea miezi saba. Yule binti alikuwa miongoni mwa waliosoma.

Mwaka 2023 shule yetu ilipata fedha za BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, tukajengewa madarasa mawili. Mimi niliingizwa kwenye kamati ya ujenzi. Uwanja ulituruhusu kuchagua, nikaomba safari hii kuta za madirisha zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie moja kwa moja, na wajumbe wakakubali bila ubishi. Ubishi ulikuja kwenye ubao. Fundi alikuwa amekwisha kuchora mstari wa chini wa ubao, juu ya kiuno chake. Nikamwambia hili ni darasa la kwanza, ushuke.

"Madamu, mimi nimejenga madarasa mangapi wilaya hii? Ubao kimo chake ndicho hiki."

Sikubishana naye. Nilitoka nje nikamwita mtoto wa darasa la kwanza, wa kimo cha kati, aliyekuwa anacheza rede na wenzake. Akaja na vumbi lake miguuni. Nikampa chaki, nikamwambia andika jina lako hapo, juu ya mstari wa fundi. Akajinyoosha kwa ncha za vidole, mkono ukafika kwenye mstari wenyewe, akaandika herufi moja iliyopinda, akageuka kunitazama. Fundi akakaa kimya kidogo. Kisha akachukua penseli sikioni, akapiga goti moja, akamwambia mtoto, "Haya, simama kawaida. Weka mkono unapotaka kuandikia."

Mtoto akaweka kiganja ukutani, usawa wa kifua chake. Fundi akapiga mstari chini yake.